Kompyuta Ikikuambia Simama

Hii ni nakala ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wafanyakazi wa idara mbalimbali waliokutana Kibomet, Kitale. Imefupishwa kidogo ili itoshee katika jarida hili.

Bw. Mwenyekiti, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu, hamjambo?

Nimeanza na Bw. Mwenyekiti kwa sababu ndivyo itifaki inavyotaka, lakini naomba aniwie radhi mapema kwa sababu ya cheo chake. Leo nimekuja kukisema kiti.

Tena niseme wazi kwamba mimi si daktari. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu ni kuandika: taarifa kwa vyombo vya habari, matangazo, hotuba na hili jarida letu. Wahudumu wa afya wako hapa nasi na watanirekebisha nikiteleza. Kilichonileta mbele yenu ni jambo lililonipata kazini.

Mwaka jana niliombwa kuandaa bango kuhusu shinikizo la damu. Niliketi saa mbili na nusu asubuhi, nikasoma, nikaandika, nikafuta, nikatafuta picha inayofaa. Bango lilimhimiza mwananchi apimwe na afanye mazoezi. Nilipoinuka ilikuwa imepita saa saba, mguu wa kushoto umekufa ganzi, nikashika meza kama mtoto anayejifunza kutembea. Siku mbili baadaye nilikwenda kupiga picha kwenye kambi ya kupima afya. Muuguzi aliniambia niweke kamera chini, nami nipimwe kama wengine. Namba ya juu ilikuwa 146. Akaniacha nitulie dakika tano, akapima tena: 144. Nina umri wa miaka 34.

Sitawaambia kwamba kiti ndicho kilichonifanyia hivyo. Baba yangu ana shinikizo la damu, na chumvi naipenda. Lakini baada ya maswali ya kawaida muuguzi aliniuliza moja ambalo sikulitarajia: kwa siku, unakaa kwa saa ngapi? Sikuwa na jibu. Nilianza kuhesabu nikiwa njiani. Bodaboda kutoka Kibomet hadi afisini, nimekaa. Mezani, nimekaa. Chakula cha mchana nilikula palepale mbele ya kompyuta. Mkutano wa alasiri, nimekaa. Bodaboda tena, kisha sofa na taarifa ya habari. Nilipofika jumla ya saa 11 niliacha kuhesabu.

Tusijilaumu sana, maana sisi tumelelewa kukiheshimu kiti. Mgeni akifika nyumbani, baada ya karibu anapewa kiti. Mzee ana kiti chake, na mtoto akikikalia anaondolewa. Mwanasiasa akishinda tunasema amepata kiti. Na katika kaunti hii ya mahindi, wengi wetu tulikua na jembe mkononi. Mzazi alitusomesha ili tusije tukashinda juani kama yeye. Kwake yeye kusoma kulikuwa na maana ya kukaa kivulini, na sasa tumekaa. Hata afisi zetu tumezipanga kwa fikra hiyo. Mkubwa hainuki: faili linaletwa, chai inaletwa, karatasi ya kutiwa sahihi inaletwa. Anayetembea ni mdogo. Na ukimwona mtu amesimama dirishani saa nne asubuhi, unajiuliza kimoyomoyo kama huyu hana kazi.

Kabla ya kujiunga na kaunti nilifanya kazi katika chumba kimoja cha habari ambako mhariri alikuwa akipita akihesabu viti vitupu. Kiti kitupu kilikuwa utoro, hata kama mwenyewe alikuwa kwenye mashine ya kuchapisha. Tulijifunza kuacha koti kwenye kiti ili kionekane kina mtu. Nawaambia haya kwa sababu nitakuja kwenye suala la vikumbusho vya kompyuta, na nataka mjue tangu sasa kwamba kompyuta haishindani na uvivu wetu peke yake. Inashindana na heshima ya kiti.

Lakini kwanza, je, kukaa kuna ubaya gani hasa?

Nendeni kwenye steji ya matatu pale mjini asubuhi, muwatazame watu wawili wanaofanya kazi katika gari moja. Dereva amekaa. Makanga anaruka, anashuka, anapanda, anapiga bodi, anakimbia nyuma ya gari. Daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, aliwatazama watu wawili wa namna hiyo huko London, kwenye mabasi ya ghorofa. Kondakta wa basi lile alikuwa akipanda kati ya ngazi 500 na 750 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: madereva waliugua maradhi ya moyo kuliko makondakta, na wakiugua walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema. Mwajiri wao alikuwa mmoja na barabara zilikuwa zilezile.

Napenda alichofanya Morris baadaye. Mwaka 1956 alichapisha utafiti mwingine, safari hii kuhusu sare. Alitazama vipimo vya viuno vya suruali ambazo kampuni iliwashonea wafanyakazi, akakuta kwamba madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipoanza kazi. Kwa hiyo kiti hakikustahili lawama zote. Tangu hapo tafiti nyingi zimefanywa, na ushahidi dhidi ya kukaa muda mrefu umezidi kuwa mzito, lakini mimi huikumbuka ile suruali kila ninapotaka kutia chumvi kwenye taarifa.

Mtu ataniuliza: mbona wazee wetu walikaa sana chini ya mti na hawakudhurika? Swali hilo lina jibu, tena limetoka karibu. Watafiti, miongoni mwao Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwafungia Wahadza vifaa vidogo mapajani. Wahadza ni wawindaji na wachumaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na mtu wa mjini. Lakini sehemu ya muda huo huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogokidogo. Vipimo vyao vya afya ya moyo ni vizuri. Kiti chetu chenye mgongo na mikono huibeba kazi yote, nayo misuli inalala.

Wala si lazima twende Eyasi. Hapa jirani Nandi, utafiti ulioongozwa na Robert Ojiambo wa Chuo Kikuu cha Moi, uliochapishwa mwaka 2012, uliwalinganisha vijana wa kijijini na wa mjini. Wa kijijini walijishughulisha zaidi na kukaa kidogo zaidi. Hawa ni watoto wa jamii moja, wanaotoka katika ardhi inayojulikana duniani kwa wakimbiaji. Kumbe mbio hazirithiwi kama shamba.

Sasa tuje Kenya nzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Asilimia 27 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake peke yao ilikuwa asilimia 38.5. Uchunguzi huohuo ulikuta kwamba ni asilimia 6.5 tu wasiofikisha kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa. Taifa letu linatembea, na tujivunie. Lakini ndani ya hesabu hiyo yumo mkulima wa Endebess na yumo mama anayebeba gunia sokoni. Wanatubeba na sisi.

Najua wapo wanaosema, mimi hukimbia kila Jumamosi. Vizuri sana, usiache. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na pia apunguze kukaa. Hayo ni maagizo mawili. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016 uliojumuisha watu zaidi ya milioni moja ulionyesha kwamba hatari ya kukaa zaidi ya saa nane kwa siku inaelekea kuondoka kwa wale wanaojishughulisha kwa dakika 60 hadi 75 kila siku. Kila siku, si Jumamosi. Aliye hivyo katika ukumbi huu anyooshe mkono. (Walinyoosha watu watatu, mmoja akiwa tarishi.) Mnaona?

Basi kwa sisi wengine, njia iliyo karibu ni kukatiza kukaa kwenyewe. Wataalamu wa Melbourne, Australia, waliwapa watu wanene kinywaji chenye sukari na mafuta kisha wakawakalisha kwa saa kadhaa. Siku nyingine waliwapa kinywaji kilekile, lakini kila baada ya dakika 20 wakawatembeza kwa dakika mbili, polepole tu. Sukari ya damu iliyopanda baada ya kinywaji ilipungua kwa karibu robo. Hiyo ilikuwa mwaka 2012. Mimi hulikumbuka jaribio hilo kila siku saa nane mchana, nikiwa nimeshiba ugali na managu, macho yanafumba, na kiti kinaniita.

Hapa ndipo kompyuta inapoingia. Adui ametuwekea mtego kwenye meza, basi na tumtumie yeye mwenyewe kututoa. Unaweka programu ndogo, na kila baada ya muda fulani kisanduku kinajitokeza kwenye skrini kukuambia uinuke. Huko Glasgow, Scotland, wafanyakazi wa afisi waligawanywa makundi mawili: wote walielezwa madhara ya kukaa, lakini kundi moja liliwekewa programu ya kuwakumbusha kila dakika 30. Waliokumbushwa walipunguza vile vipindi virefu vya kukaa bila kuinuka. Jumla ya saa walizokaa, hata hivyo, haikupungua kwa kiasi cha maana. Waliovuna somo peke yake hawakubadilika sana, na hilo liniingie mimi ninayetengeneza mabango.

Huko Tasmania walitumia ukali zaidi. Wafanyakazi wa mezani wa idara ya polisi waliwekewa programu iliyokuwa ikiichukua skrini nzima kila baada ya dakika 45, na hukuweza kurudi kwenye kazi yako mpaka uitikie. Shinikizo la wastani la damu lao lilishuka.

Nilisoma hayo nikajawa na bidii. Katika kitengo chetu cha habari tukaweka vikumbusho vya kila dakika 30. Kisanduku kilikuwa na neno moja: Simama! Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Tukisimama, tukanyoosha mikono, tukacheka. Wiki ya pili mkono ulikuwa umejifunza. Kisanduku kikija, kidole kinabofya kukifunga kabla jicho halijasoma. Siku moja jioni mwenzangu aliniuliza mbona kikumbusho changu leo hakikulia. Kililia siku nzima. Sikukiona hata mara moja.

Tukaketi kujiuliza kilichoharibika (ndiyo, tuliketi). Jibu la kwanza lilikuwa kwamba neno Simama halina shughuli. Ukishasimama, ufanye nini, utazame ukuta? Mama anayetuletea chai ndiye aliyetufungua macho kwa kushangaa kwamba tunahitaji mashine ya kutuambia tuinuke ilhali yeye hukosa nafasi ya kukaa. Kazi zake ndizo zinazomwinua. Basi tukayabadilisha maneno. Saa nne kisanduku kinasema Maji. Baadaye kinasema Mpelekee mwenyewe, yaani ile karatasi uliyotaka kumtuma mtu. Baada ya chakula kinasema Pigia simu ukiwa umesimama. Tukaondoa vikapu vya taka chini ya meza, tukabakiza kimoja mlangoni. Chupa kubwa za maji tukazibadilisha kwa vikombe, kwa sababu kikombe kinakwisha na chupa haikwishi.

Pia tulikubaliana kwamba kazi hazifanani. Anayehariri video alikuwa anapandwa na hasira kila nusu saa, akawekewa dakika 45. Na ukiwa katikati ya kuingiza malipo kwenye IFMIS hutaki skrini ifunikwe. Acha kitufe cha kuahirisha, lakini kiahirishe kwa dakika tano tu, si mpaka kesho.

Lakini kilichogeuza mambo kabisa hakikuwa kwenye kompyuta. Tulikuwa kwenye kikao na wageni, simu ya mkuu wetu wa kitengo ikalia kikumbusho. Aliinuka, akaendelea kuzungumza akiwa wima nyuma ya kiti chake, kisha akatuambia nasi tujisikie huru. Hakuna aliyeona haya tena tangu siku hiyo. Kabla ya hapo mdogo alikuwa akisimama kwa hofu, akishika karatasi mkononi ili aonekane anakwenda mahali. Mnakumbuka lile koti langu kwenye kiti.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wakuu wa idara, na ndilo hasa lililonifanya nikubali kuzungumza leo. Msiweke vikumbusho kwenye kompyuta za wafanyakazi wenu kabla ya kuviweka kwenye zenu. Mkiviweka, msimameni vinapolia, mbele za watu. Waambieni wafanyakazi waziwazi kwamba dakika mbili za kuinuka si utoro. Kikao kifupi cha asubuhi kifanyeni wima. Chetu tunakifanya hivyo, na naona hata wale wenye maneno mengi wamepunguza. Mashine ya kuchapisha iondolewe ubavuni mwa meza ya mkubwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kupitia bajeti.

Kwa walio tayari kuanza: programu za bure zipo, kama Workrave na Stretchly. Lakini msipakue kitu chochote kwenye kompyuta ya kaunti bila afisa wa ICT. Tumeshaona virusi vikiingia kwa milango midogo kuliko hiyo. Yeye anaweza pia kutumia kipanga-kazi kilichomo tayari kwenye Windows, bila kupakua chochote. Kama kompyuta yenyewe ni ya kugawana, tumieni kengele ya simu, hata simu ya mulika mwizi inayo. Siri moja tu: usiiweke mfukoni. Iweke upande wa pili wa chumba, juu ya kabati, ili uinuke kwenda kuizima. Katika vyote tulivyojaribu, huo ndio ujanja ambao kidole hakijaweza kuushinda. Na stima ikipotea, mnajua wenyewe, afisi nzima husimama na kutoka nje bila kikumbusho.

Tuwe waangalifu na mambo mawili. Tunao wenzetu wanaotumia kiti cha magurudumu, wajawazito, na wenye maumivu ya mgongo au magoti. Kisanduku kinachopiga kelele Simama! kinaweza kuwa matusi kwao. Maneno yachaguliwe na mwenye kompyuta. Mwingine atajiandikia Nyoosha mabega, mwingine Sogea hadi dirishani. La pili, wapo wenzetu ambao shida yao ni kinyume cha yetu. Askari wa lango na wanaosafisha hizi afisi wanasimama kutwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wa namna hiyo mahali pa kukaa wapatapo nafasi ya kupumzika. Itakuwa aibu tukisimama kwa afya yetu huku askari wetu hana hata stuli. Kwa hiyo tukihamisha viti, tujue vinaelekea wapi.

Mtaniuliza kuhusu namba zangu. Zimeshuka: wiki iliyopita ya juu ilikuwa 132. Lakini chumvi nimepunguza pia, na sehemu ya njia ya kurudi Kibomet siku hizi naitembea kwa miguu, na kliniki bado naenda. Sitaipa kengele sifa isiyo yake, wala nawe usiache dawa zako kwa sababu umesikia mtu wa habari akizungumza.

Kuanzia Jumatatu afisa wa ICT atakuwa akipita idara hadi idara. Idara inayotaka vikumbusho ijaze ile fomu iliyo mlangoni, na mkuu wa idara atie sahihi kwanza, jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha ya kompyuta. Tutajaribu kwa miezi mitatu. Wauguzi wamekubali kutupima shinikizo la damu mwanzoni na mwishoni, kwa hiari, na matokeo ya mtu yatabaki kati yake na muuguzi.

Mashine ya kupimia iko tayari pale nje kwenye veranda, karibu na chai. Maswali tutayachukulia hukohuko, na viti nimeomba vibaki humu ndani.